Haleluya na spika zake: tamasha la muziki wa Baroko katika kanisa la misheni, Iringa

Kiti kizuri kuliko vyote kwenye tamasha hili hakikuwa cha shilingi 10,000. Kilikuwa cha 5,000: benchi la nane au la tisa kutoka mbele, karibu na njia ya katikati, mbali na ukuta na mbali na kibaraza cha juu kilicho mlangoni. Waliolipa 10,000 walipewa viti vya plastiki vilivyofungwa vitambaa vyeupe, hatua tatu kutoka kwenye spika, na wakatoka masikio yakivuma. Lijue hilo kabla hujatoa pesa mlangoni, maana karibu yote yanayofuata yanatokana nalo.

Tamasha lilikuwa la jioni moja, katika kanisa la zamani la misheni nje ya mji wa Iringa, kama nusu saa kwa gari kutoka mjini. Jina la parokia hatulitaji. Yaliyoharibika pale yanaharibika kuanzia Tukuyu hadi Njombe, na si haki kuwabebesha watu wa kanisa moja lawama ya nyanda zote za juu kusini. Waimbaji walikuwa kama 70, kutoka kwaya tatu zilizofanya mazoezi pamoja. Tarumbeta zilikuwa nane, ngoma kubwa mbili, kinanda cha umeme kimoja. Kwenye ratiba: sehemu tano za Gloria ya Vivaldi, wimbo mmoja wa Bach, nyimbo nne bila ala, na mwisho, kama ilivyo ada ya kwaya zetu, Haleluya ya Händel.

Neno "Baroko", yaani mtindo wa sanaa wa Ulaya wa kati ya 1600 na 1750 hivi, lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye bango. Kwa muziki ni kweli kabisa: Vivaldi alizaliwa 1678, Bach na Händel wote 1685. Kwa jengo, hapana, na tofauti hiyo inasikika kuliko inavyoonekana. Kanisa la Baroko lenyewe ni kama Karlskirche ya Vienna, lililoanza kujengwa 1716 baada ya tauni ya 1713, likachorwa na Johann Bernhard Fischer von Erlach na kumaliziwa na mwanawe mwaka 1737. Au Frauenkirche ya Dresden, kazi ya George Bähr, 1726 hadi 1743, ambako Bach mwenyewe alipiga kinanda mwaka 1736. Liliporomoka Februari 1945 baada ya mji kupigwa mabomu, likajengwa upya na kuwekwa wakfu tena 2005. Ndani ya makanisa ya namna hiyo ni vigumu kukuta ukuta mtupu. Kuna nguzo, roshani, malaika wa kuchonga, lipu iliyofinyangwa ikapakwa dhahabu. Mapambo hayo yanafanya kazi hata kwa asiyeyatazama: kila kibonge na kila pindo hutupa sauti upande wake, kwa hiyo mwangwi unarudi ukiwa umesambaa, laini, kama sauti imepitishwa kwenye chekecheke.

Makanisa yetu ya misheni yamejengwa kwa akili nyingine. Matofali ya kuchoma, lipu, chokaa, sakafu ya sementi, kuta mbili ndefu zinazotazamana kama watu waliogombana. Simama katikati likiwa tupu, piga kofi moja. Hutasikia kofi likififia. Utasikia mtetemo wa haraka, "trrrr", kwa sababu sauti inakwenda ukuta wa kulia, inarudi wa kushoto, inakwenda tena, kama mpira kati ya watoto wawili wasiochoka. Hilo kofi ndilo kipimo cha kwanza ambacho mwandaaji yeyote angepaswa kukifanya kabla ya kukodi chochote. Halina gharama.

Kipimo cha pili kinahitaji kalamu. Mwanafizikia Mmarekani Wallace Sabine alituachia hesabu rahisi: chukua ujazo wa jengo kwa mita za ujazo, zidisha kwa 0.161, kisha gawa kwa unyonyaji wa vilivyomo ndani. Jibu ni sekunde ambazo sauti inachukua kushuka kwa desibeli 60, yaani mpaka sikio liseme imekwisha. Kanisa lenye urefu wa mita 40, upana 12 na kimo 9 lina mita za ujazo 4,320. Kuta, sakafu, dari ya mbao na madirisha vikinyonya jumla sawa na dirisha lililo wazi la mita za mraba 130, mwangwi ni zaidi ya sekunde tano. Sasa jaza watu. Mtu mzima mmoja, na sweta lake, hunyonya sauti karibu sawa na nusu mita ya mraba ya dirisha lililo wazi. Watu 400 wakiingia, sekunde tano zinashuka hadi mbili na kidogo. Ndiyo maana kwaya inayofanya mazoezi Jumamosi kanisani peke yake inasikika kama mbinguni, na Jumapili watu wakishajaa inasikika kavu, na walimu wa kwaya wanaanza kulaumiana. Hakuna aliyeimba vibaya. Masweta yameingia.

Sekunde mbili zinafaa sana muziki huu. Kwa jioni ile, watu walikuwa wamejaa hadi mabenchi ya nyuma, jengo likiwa katika hali yake nzuri kabisa, na kwaya ya watu 70 ndani yake haihitaji msaada wowote ili isikike hadi mlangoni. Waandaaji wakaleta spika sita.

Hapa lazima tukae kidogo. Spika mbili kubwa zilikuwa mbele, kulia na kushoto mwa altare, mbili katikati ukutani, mbili nyuma kabisa chini ya kibaraza. Maiki nne za kusimama mbele ya kwaya, moja kwa kila sauti. Kwenye mkutano wa hadhara huo ungekuwa mpangilio wa kawaida. Ndani ya kanisa la matofali ni kujipiga ngwala. Sauti ya mdomo wa mwimbaji inasafiri mita 340 hivi kwa sekunde kwenye ubaridi wa Iringa. Kwa hiyo aliyeketi mita 34 nyuma anaipata baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Umeme wa spika ya nyuma umefika zamani. Msikilizaji wa benchi la mwisho anasikia neno kutoka mgongoni kwake, halafu lile lile kutoka mbele, halafu mwangwi wa yote mawili. "Gloria" ikawa "Glo-glo-ria-ria." Fundi mitambo alipoona watu wa nyuma wanakunja uso, akaongeza sauti. Kila fundi hufanya hivyo, na kila mara inazidi kuharibika, kwa sababu tatizo lilikuwa wingi wa spika.

Maiki nne nazo zina ubaya wake. Maiki ya sauti ya kwanza haisikii sauti ya kwanza. Inawasikia wale wasichana watatu walio karibu nayo. Mmoja wao alikuwa na sauti kali ya kupendeza inayofaa kuongoza pambio, na kwa nusu saa nzima tulimsikiliza yeye, huku waimbaji 20 waliomzunguka wakiwa kama picha. Mwalimu anafanya kazi miezi mitatu kuyeyusha sauti 20 ziwe moja, kisha maiki inachagua moja na kuitupa ukutani.

Sehemu iliyoumia zaidi ni Vivaldi. Gloria yake ya Re kubwa, ile inayohesabiwa namba 589 kwenye orodha ya kazi zake, ina sehemu 12 na huchukua kama nusu saa. Aliiandika Venezia kwa ajili ya Ospedale della Pietà, nyumba iliyolea wasichana yatima na kuwafunza muziki hadi wakawa gumzo la mji. Kisha ikapotea karibu miaka 200; ilikuja kuimbwa tena Siena mwaka 1939. Mlango wake wa kwanza ni wa ala: noti ile ile inaruka oktava juu na chini, haraka, kama mtu anagonga mlango kwa furaha. Kwa fidla, mruko huo ni mwepesi. Kwa kinanda cha umeme kilichowekwa kwenye sauti ya "nyuzi", kikipitia spika sita, kila mguso ulianza kwa kuchelewa na kuvimba, na kufikia kipimo cha nne cha muziki hakukuwa na mruko wala mlango, ni ngurumo ya gari likipanda mlima Kitonga. Dawa ni ndogo: mpiga kinanda aache sauti ya nyuzi, achague ya kinubi-kinanda, ile kavu inayokatika mara tu kidole kinapotoka. Vinanda vingi vya kisasa vinayo, kwa kawaida kwenye kundi moja na piano. Na mguu usiguse pedali.

Sehemu ya pili, Et in terra pax, ilinusurika kidogo kwa sababu ni ya polepole. Sauti zinaingia moja baada ya nyingine na kushikilia noti zinazosuguana, kisha zinaachia. Muziki kama huo unapenda mwangwi; umeandikwa na mtu aliyejua kuta za kanisa. Laudamus te, sauti mbili za wasichana zikifukuzana, ilikuwa nzuri pale tu walipojisahau na kusogea nyuma ya maiki. Mwendo wa mwisho, Cum Sancto Spiritu, walitaka kuupiga kwa kasi ya santuri ya Ulaya waliyojifunzia. Hilo ni kosa la kawaida mno huku. Santuri nyingi hurekodiwa maiki zikiwa karibu na waimbaji, mwangwi ukitiwa kwa kipimo. Ukiwa na mwangwi wa sekunde mbili na mpigo mmoja unachukua nusu sekunde, basi sikio linabeba mipigo minne kwa pamoja, na fuga, yaani sauti zinazofuatana na wimbo ule ule, inageuka uji. Mwongozaji apunguze mpaka asikie konsonanti za mwisho za maneno kutoka benchi la kumi. Atume mtu aketi pale wakati wa mazoezi, halafu aongeze kasi kidogo siku yenyewe, maana watu watanyonya.

Kisha likaja lile ambalo linafanya tuwaambie watu waende. Kwa nyimbo nne bila ala, mwongozaji alimwashiria fundi, maiki zote zikazimwa, waimbaji wakashuka kutoka kwenye ngazi na kupanga nusu duara mbele ya altare, mahali ambapo dari imejipinda kuwa tao. Waliimba kwa sauti ndogo. Besi, watu 12 hivi, walikuwa na noti moja ya chini waliyoishikilia kwa zamu, huyu akivuta pumzi huyu anaendelea, na ile noti ilitoka sakafuni. Ukiweka kiganja kwenye mbao za benchi uliigusa. Sauti ya tatu na ya pili zikaingia juu yake bila mtu yeyote kuonekana ameanza. Walipofika mwisho wa ubeti na kukata, chodi lao, yaani sauti zao zote zikiwa zimeungana, lilibaki hewani juu ya vichwa, kamili, likiwa bado katika toni, kwa muda wa kuhesabu moja, mbili. Mtoto aliyekuwa analia nyuma alinyamaza. Mzee mmoja mbele yetu alivua kofia ambayo hakupaswa kuwa nayo kichwani tangu mwanzo.

Na watu wa benchi la mwisho, chini ya kibaraza, walisikia? Walisikia kwa udhaifu. Pale chini dari ni fupi na mwangwi mzuri hauingii, kwa hiyo maneno yanafika lakini yamepauka. Mabenchi manne ya mwisho yauzwe 2,000, au yaachwe kwa wenye watoto wadogo wanaohitaji kutoka. Pia epuka benchi lolote linalogusa ukuta mrefu: utasikia upande mmoja wa kwaya mara mbili na mwingine nusu.

Wimbo wa Bach ulikuwa ule wa kufunga kantata namba 147, aliyoimalizia Leipzig mwaka 1723, mwaka alioanza kazi pale kwenye kanisa la Thomaskirche. Kwaya inaimba tenzi ya polepole, na juu yake ala inazunguka kwa noti tatu tatu bila kupumzika. Safari hii mpiga kinanda alifanya jambo la busara: alipunguza sauti hadi ikawa chini ya kwaya. Hakuna zaidi la kusema, ilikuwa safi.

Tarumbeta zilikuwa na mkasa wao, na huo haukuwa wa spika. Haleluya imeandikwa Doh ikiwa D, kwa sababu tarumbeta za enzi ya Händel hazikuwa na vali. Bomba lilikuwa la urefu wa D basi, na noti zote zilitoka mdomoni. Tarumbeta zetu ni za B flati, yaani zinasikika toni moja chini ya nota iliyoandikwa. Ukizipigisha Doh D zinasoma E, shapu nne, na kijana aliyejifunza kwa nota za nyimbo za kanisani, ambazo nyingi ni za flati, atakosea noti ya tatu au ya saba ya ngazi katika kila mstari. Bendi nyingi za Kilutheri na Kimoraviani huku zinatatua kwa kushusha Doh hadi C, tarumbeta zikabaki na shapu mbili, na sauti ya kwanza nayo ikashukuru. Njia nyingine ni kupandisha hadi E flati, ambako tarumbeta zina flati moja tu, lakini hapo wasichana watalipa gharama. Jioni ile walishusha, na walifanya vizuri. Walichosahau ni baridi.

Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na jua likizama ubaridi unaanza kuingia. Hewa ndani ya tarumbeta ikipoa kwa nyuzi moja, sauti inashuka karibu senti tatu, na nusu toni ni senti 100. Nyuzi kumi zinakula theluthi ya nusu toni. Kinanda cha umeme hakijui baridi. Kinabaki pale pale. Vijana wale walikaa saa nzima tarumbeta zikiwa magotini, kisha wakasimama na kupuliza. Vipimo vinane vya kwanza vilikuwa kama watu wawili wanaosalimiana bila kutazamana. Mwenye bendi ajue: dakika tano kabla ya kuingia, kila mmoja apulize hewa ya moto ndani ya bomba bila kutoa sauti, na chombo kikae chini ya koti. Kurekebisha kwa kusukuma kile kibomba cha mbele ndani kunasaidia, ila bomba likishapata moto wakati wa kupiga utajikuta umepanda juu, kwa hiyo rudisha kidogo kidogo.

Haleluya yenyewe sasa. Händel aliandika Messiah yote, kazi kubwa ambamo Haleluya imo, kwa siku 24 mwaka 1741 akiwa London, na mara ya kwanza iliimbwa Dublin tarehe 13 Aprili 1742, ukumbini, si kanisani. Kila mwanakwaya wa huku anaujua mwanzo wake, d s l s (doh, soh, lah, soh), hata akiamshwa usiku wa manane. Kwa hiyo ugumu wake hauko kwenye noti. Uko kwenye "naye atatawala milele na milele", ambapo besi wanaanza peke yao, sauti ya tatu wanafuata, kisha sauti ya pili, kisha ya kwanza. Besi wa jioni ile walianza kwa nguvu zote, kama kawaida ya besi, na kila aliyeingia baada yao ilibidi apige kelele zaidi. Anayeingia kwanza aimbe nusu, kisha akishakabidhi wimbo apungue tena. Sauti inayobeba wimbo ndiyo isikike.

Maiki zilikuwa zimewashwa tena. Lakini kuna mahali pamoja ambapo hata spika sita hazikuweza kuharibu. Karibu na mwisho neno Haleluya linarudiwa mara nne kwa haraka, halafu kila kitu kinasimama. Kimya. Kisha Haleluya ya mwisho, pana, polepole. Kile kimya ndicho kipimo cha mwongozaji. Wengi wanahesabu mipigo iliyoandikwa na kuruka ndani wakati mwangwi wa nyuma haujashuka. Huyu alisubiri. Mikono ilikuwa juu, sauti ikaondoka darini polepole kama moshi wa ubani, na alipoona imekwisha kabisa, akashusha mikono. Kwa sekunde hizo mbili tunamsamehe yote aliyokosea nusu saa ya kwanza.

Watu walisimama tangu mwanzo wa wimbo. Mshereheshaji alieleza kwamba ni desturi kwa kuwa mfalme George wa Pili wa Uingereza alisimama. Hadithi hiyo inapendwa, ila hakuna aliyeiandika wakati huo. Maandishi ya kwanza yanayoitaja ni ya 1780, mfalme akiwa amekufa miaka 20. Simama ukipenda. Anayekaa hajamkosea mtu.

Kuhusu makofi: Gloria ni kazi moja yenye vipande, na ratiba iliyochapwa ingepaswa kusema "tushangilie mwisho wa kipande cha tano". Haikusema, kwa hiyo vigelegele vilipigwa kila kikomo, na mara moja kabla ya kikomo. Sisi hatuoni vigelegele kuwa dhambi, vina mahali pake, lakini vinaua mwangwi ambao mtu amelipia. Kutunza ndilo jambo gumu zaidi. Mama mmoja alipita mbele katikati ya Laudamus te na kumbandika noti mwimbaji kwenye paji la uso, wengine wakafuata, na wale wasichana wawili wakapoteza pumzi. Baada ya hapo mshereheshaji aliweka kapu mlangoni na kutangaza. Lingewekwa tangu mwanzo, na kwa unyenyekevu mkubwa, kwa kuwa kumzuia mtu kutunza bila kumpa mahali pengine pa kutunzia ni kumvunjia heshima.

Kwenye ratiba ile maneno ya Kilatini yalichapwa bila Kiswahili. Waumini wa Kikatoliki waliyafuata kirahisi, ni "Utukufu kwa Mungu juu mbinguni" wanayoimba Jumapili. Wageni kutoka madhehebu mengine walibaki kutazama karatasi. Safu mbili tu zingetosha.

Kwenda na kurudi. Tangazo lilisema saa kumi jioni. Noti ya kwanza ilisikika saa kumi na moja na dakika ishirini. Mabenchi ya kati yalijaa saa kumi na nusu, kwa hiyo huo ndio muda wa kufika. Lilimalizika saa mbili kasoro usiku, na saa hizo daladala za vijijini hazipo tena. Waliokuja kwa gari la kukodi pamoja, watu wanane kwenye Noah wakiwa wamepatana na dereva kwenda na kurudi, walikwenda nyumbani bila wasiwasi. Waliotegemea bodaboda walipandishiwa bei getini. Patana mchana. Vaa sweta chini ya koti, na beba kitenge au shuka la kutandika kwenye benchi, mbao zile zinavuta joto la mwili. Juni hadi Agosti ongeza soksi. Akina mama wa parokia waliuza chai ya tangawizi na maandazi upande wa nyuma, nzuri na ya moto, ila vikombe vya bati vililetwa hadi ndani na kimoja kikaanguka kwenye sementi wakati wa Bach. Choo kiko mbali, nyuma ya shule, na njia haina taa.

Mvua nayo ipigiwe hesabu. Kanisa hili ni la vigae, na mvua ya kawaida haisikiki. Makanisa mengi mapya ya Mbeya na Njombe yameezekwa bati bila dari, na mvua ya Machi ikianza hakuna kwaya ya watu 70 wala 170 itakayosikika. Pasaka ndiyo msimu wa Haleluya na ndiyo msimu wa mvua. Kama jengo ni la bati, uliza kwanza kama lina dari, na ukiambiwa halina, subiri tamasha la Septemba.

Asiye na shilingi 5,000 ana njia nyingine. Kwaya hizi hufanya mazoezi ya mwisho ndani ya kanisa lenyewe siku moja au mbili kabla, mitambo haijafika, na hakuna anayemfukuza mtu aliyekaa kimya. Ila usikae benchi la nane siku hiyo. Kanisa tupu lina zile sekunde tano, na kwa umbali huo utasikia kuta kuliko waimbaji. Sogea hadi la tatu.